Keki ya Kitenzi Kikubwa

Katika ofisi ile ya kamusi, huko Massachusetts, watu hawazungumzi. Mwenye swali humwandikia mwenzake kikaratasi, hata kama wamekaa bega kwa bega. Kelele huruhusiwa pale tu mhariri anapomaliza kuandika maana zote za kitenzi kikubwa: huletewa keki, akapigiwa makofi.

Lorna Pruitt alikuwa anastaafu Ijumaa, na makofi hayo hakuwahi kuyaonja. Miaka nenda miaka rudi alipewa majina ya magugu na ya vifungo. Ndipo, miezi michache kabla ya kustaafu, mkuu wao, Stroud, alipompa kitenzi cha kukimbia, ambacho kwa Kiingereza kina vituko vyake: pua inayochuruzika, injini inayonguruma, mwanasiasa anayegombea, soksi iliyofumuka, vyote husemwa kwamba vinakimbia. Lorna alikipenda kuliko alivyowahi kumpenda mwanamume yeyote. Alitandaza vikaratasi vya mifano kwenye meza ndefu, kila maana na rundo lake. Mchana, akila mkate na shoga yake Delphine, mhariri mwenzake, alimwandikia habari za marundo hayo, na Delphine akitabasamu.

Alhamisi, Lorna aliandika maana ya mwisho, akaenda kunawa uso. Aliporudi, meza ilikuwa tupu, keki imewekwa katikati na ofisi nzima imesimama. Akanyoosha sketi, akajongea mbele, na Stroud akampita kwenda kumshika Delphine mkono.

Marundo ya Lorna yalikuwa sakafuni, ndani ya boksi, yamechanganywa.

Stroud wala hakuona haya. "Lorna, mama, nani angempa kitenzi kama hiki mtu anayeondoka? Delphine kakimaliza zamani, keki yake ilikuwa inasubiri tu wachapaji wakipokee. Wewe tulikupa usikae bure."

Lorna akamgeukia Delphine. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu mwanzo, shoga. Nilikuona una furaha, nikasema nikuache. Halafu ile maana ya soksi nimeichukua kwako, umeiandika vizuri sana."

Wasomi hawa ukatili wao una adabu, hakuna aliyecheka. Makofi yakapigwa, Delphine akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha Stroud akampa Lorna kisu, akamwomba awakatie watu, kwa kuwa mchana huo hakuwa na kazi nyingine.

Lorna alimchukia Delphine hadi akaiogopa chuki yenyewe. Akashika kisu, akakata, akauliza ni nani anayependa kipande cha pembeni.