Kidonge cha Saa Nane

Mama yangu hajawahi kuvunja sharti la daktari. Akiambiwa asinyanyue ndoo, hanyanyui hata kikombe. Ndiyo maana siku nesi alipomtazama usoni akamwambia, "Mama, wewe dawa humezi," nilitaka kupanda juu ya meza.

Nianze ilikoanzia. Mama alikutwa na ugonjwa wa tezi, akapewa kidonge kimoja kwa siku. Nesi alimsisitizia: kimezwe tumbo likiwa tupu, asubiri nusu saa, ndipo ale. Ili asisahau, akaandikishwa kwenye mpango wa kukumbushwa kwa simu. Kila siku saa moja na nusu asubuhi ujumbe unaingia. Akishameza, anajibu NDIYO. Mimi ndiye niliyemwandikisha, tena kwa mbwembwe, nikajiona binti wa kisasa.

Mama ni mshonaji wa sare za shule. Uzi anautia kwenye sindano kwa kupapasa tu, lakini herufi za simu zimemshinda. Msomaji wake alikuwa Baba, fundi saa, ambaye mtaa mzima unamwita Dakika kwa sababu kila mteja anaambiwa, "Nipe dakika moja," na saa yake anaipata baada ya wiki mbili. Siku ya kwanza Baba alibana jichoni kile kioo chake cha kukuzia, akasoma kwa sauti ya hakimu: "Kumbuka dawa yako saa 8:00."

"Saa nane?" Mama akauliza. "Na tumbo tupu?"

"Saa nane kamili. Ndivyo walivyoandika."

"Mbona wanatuma asubuhi yote hii?"

"Wanakupa muda wa kujiandaa."

Haya nilikuja kuyajua baadaye. Mimi naoka mikate. Kila siku natoka nyumbani kabla jua halijachomoza, narudi saa tisa alasiri. Nilichokuwa nakikuta ni sufuria zilizokombwa mpaka ukoko, nikafurahi kwamba wazee wangu wanakula vizuri. Mama alipungua, majirani wakamsifu kiuno. Lakini alikuwa anatetemeka mikono, na hasira zake zilikuwa karibu; siku moja alinigombeza jioni nzima kwa ajili ya kijiko. Nilipomuuliza ana nini, akasema ni tezi. Nikaanza kuogopa kwamba dawa haimfai, kwamba tunampoteza huku tunamwangalia.

Wiki ya sita, asubuhi, akaanguka juu ya cherehani. Jirani alinipigia simu, nikatoka mbio na unga mpaka kwenye nyusi. Zahanati nilimkuta Baba ameshafika.

Nesi alimpima Mama, akamnywesha maji ya sukari, akafungua kompyuta. Skrini nzima nyekundu.

"Siku arobaini na moja," akasema. "Hakuna hata moja uliyomeza. Uchovu huu wote umetokana na hapo. Itabidi nikuandike kwenye orodha ya wanaokataa dawa."

Mama akafungua mkoba, akatoa maganda ya vidonge, yote matupu, ameyafunga kwa uzi wa cherehani. "Na hivi nilimpa nani? Kuku?"

"Maganda hayasemi, mama. Inayosema ni mashine."

"Basi mashine yenu inasema uongo!" Huyo ni mimi. Nesi alikuwa dada mpole, lakini siku ile hata malaika angenisikia.

"Hebu tulieni kwanza. Mama, unameza saa ngapi?"

"Saa nane, kama mlivyoandika. Nakaa bila hata chai mpaka saa nane mchana. Huyu anarudi kutoka kibandani kwake, nameza, ananiandikia NDIYO, tunasubiri nusu saa, tunakula."

Nesi akakodoa macho. Kumbe jibu likipita saa nne asubuhi, mashine inaandika kwamba mgonjwa hajameza. Akamgeukia Baba. "Mzee, hebu nisaidie. Saa ile ya ukutani inasema saa ngapi?"

Baba hakufikiri hata kidogo. "Saa nne. Na inachelewa dakika tatu."

"Mshale mfupi uko kwenye namba gani?"

"Kwenye kumi," akasema Baba, kisha akaitazama tena ile saa.

Miaka thelathini na minane anatazama nane anasema mbili, anatazama kumi anasema nne, wala hajawahi kukosea. Simu ikamwandikia nane kwa Kiswahili, akaiamini. Waliotunga ujumbe walitafsiri maneno kutoka Kiingereza, namba wakaiacha ilivyo.

Mama akawaka. "Yaani nimeshinda njaa wiki sita kwa sababu yako! Na wewe kila asubuhi unaondoka na mkate, unakwenda kujishindilia kibandani, mimi natetemeka kwenye cherehani!"

Baba alisimama ili amwongezee maji, suruali ikataka kumwacha, akaidaka. Ndipo nikauona mkanda wake. Ulikuwa na matundu matatu mapya, madogo, yamepangwa sawasawa, kazi ya keekee ya fundi saa.

"Baba," nikasema, "ule mkate ulikuwa unaupeleka wapi?"

"Kwa fundi viatu."

"Wote?"

"Ana watoto wengi." Akatazama chini. "Sasa ningekulaje, na mama yako hajala?"

Mama akamsukumia kikombe chake cha maji ya sukari. "Kunywa," akasema. Baba akanywa mpaka chini, mkono mmoja umeshika suruali. Mimi nilitoka nje nikalia, unga usoni ukageuka uji.

Siku ileile nesi akabadilisha ujumbe: saa mbili asubuhi, kwa herufi. Kisha akaanza kuwapigia wagonjwa wengine, mmoja mmoja. Mama naye akatafuta miwani ya kusomea, na Baba hakuruhusiwa kuigusa simu tena.

Baada ya miezi miwili tulirudi wote watatu. Mashavu ya Mama yalikuwa yamejaa, na kipimo cha damu kilionyesha dawa imefanya kazi. Nesi akafungua kompyuta. Nyekundu tena, juu mpaka chini. Kila siku imeandikwa: jibu halijaeleweka.

Nikaanza kukunja mikono ya gauni. Nesi akabonyeza mahali ayaone majibu yenyewe, akayasoma kwa sauti.

"NDIYO. Na mzee amekula."

"NDIYO. Mzee amebakiza kipande, nimemsimamia akamaliza."

"NDIYO. Leo hana hamu. Nimempa yai."

"NDIYO. Amekula. Mkanda umerudi tundu moja."

Mama alikuwa anatazama dirishani, kana kwamba wanaosomwa ni watu wengine.

"Mama," nesi akasema taratibu, "mashine inataka NDIYO peke yake."

"Mwanangu, uliniambia nimeze, nisubiri nusu saa, ndipo nile. Mimi, huyu mzee asipokula, sijala."

Baba akainuka. "Nipeni dakika moja," akasema, akatoka nje akipangusa macho.