Karatasi ya Waziri Ouyang

Kila Jumatatu, siku ya malalamiko, ofisi ya wilaya ya Yunpu hufunguliwa saa mbili na nusu. Jumatatu hiyo Bi Tan Huaizhen alikuwa ameshachukua namba nne na kukaa kwenye benchi la ukutani na chupa yake ya chai. Namba tano ilichukuliwa na Waziri Ouyang Kesheng, aliyefariki mwaka wa sabini na nne na ambaye sanamu yake ya shaba iko nje, mbele ya stendi ya mabasi.

Alikuwa amevaa lile koti la kijivu lenye viraka viwikoni, ambalo kila mtoto wa shule hapa Yunpu amewahi kuliandikia insha. Mvua ilikuwa imemlowesha magoti. Watu wakasogea, akakaa.

Karani Kuang Lixia alimtaka kitambulisho. Hakuwa nacho, akaandikwa kwenye daftari la wageni.

"Shida yako, mzee?"

"Nimekuja kufuta sahihi yangu."

Sahihi hiyo aliitia mwaka wa njaa. Tan Shouyi, babake Huaizhen, mkuu wa maghala, aliripoti kwamba mpunga uliobaki ni wa miezi miwili tu, wakati mikutano yote ilikuwa imeshatangaza kwamba mavuno yamefurika. Ouyang alitia sahihi kwamba Tan ni mwongo na adui wa umma, ingawa vitani walilalia mkeka mmoja. Tan akapelekwa kuchimba mfereji, na hata mwili wake haukurudi. Jina lake likakwanguliwa kwenye jiwe la wanamapinduzi kule mlimani. Majira ya kufagia makaburi, wenzake Huaizhen huwa na kaburi la kufagia. Yeye humimina kikombe cha pombe chini ya ule mkwaruzo. Alitaka jina lirudi kabla hajafa, basi. Kwa miaka thelathini na moja ofisi ilimjibu kwamba lazima aliyetia sahihi aje mwenyewe kuikana.

"Sasa si huyu hapa," alisema Huaizhen.

"Namwona, shangazi. Lakini hana muhuri. Bila muhuri ni maneno tu."

Muhuri wa Waziri uko makumbusho, yaani kwenye nyumba aliyozaliwa. Wakapanda basi namba tatu wote wawili. Waliotimiza miaka sabini huingia bure, kwa hiyo mlangoni hapakuwa na usumbufu. Waziri aliinama kutazama kitanda cha mamake.

"Mzee, usiegemee kioo," alisema mlinzi.

Mkurugenzi aliwapa chai na kueleza kwamba muhuri ni mali ya taifa, hautoki bila barua ya wilaya. Wilaya ikasema haitoi barua kwa ombi lisilo na muhuri. Walikwenda na kurudi hivyo mpaka maboga yakaiva. Katikati ya safari hizo Huaizhen alitimiza miaka sabini na tisa. Waziri alikuwa amekufa akiwa na sabini na minane, hivyo tangu siku hiyo akaanza kumwita dada.

"Dada Huaizhen," alimwambia ndani ya basi, akiwa ameshika bomba, "nilijua mpunga haupo. Niliingia maghalani mwenyewe."

"Najua ulijua. Unadhani kwa nini sikuachii kiti?"

Alimchukia tangu utotoni, na kumzoea hakukupunguza chuki hiyo.

Mwishowe Kuang, aliyechoka kuwaona, alisema kwamba zamani wakulima wasio na muhuri walitia dole gumba, na kanuni hiyo haijafutwa. Waziri akaomba brashi. Aliandika ukurasa mzima bila kukata neno: Tan Shouyi alisema kweli, mimi nilisema uongo, watu wakafa. Akaweka tarehe na sahihi, akabonyeza dole kwenye wino mwekundu, kisha kwenye karatasi. Alama ikashika. Huaizhen alilia kidogo, akafuta uso kwa kitambaa alichofungia chupa ya chai. Kuang akaipeleka karatasi ghorofani.

Siku ya kumi walikuja watu wenye glavu nyeupe. Ulikuwa mwandiko wa kwanza wa kiongozi baada ya kufa kwake, hakuna wilaya nyingine mkoani iliyokuwa na kitu hicho. Waliuweka makumbusho kando ya muhuri. Kabati lilikuwa dogo, kwa hiyo karatasi ikakunjwa, ikabaki kuonekana tarehe, sahihi na dole. Kibao kinasifu mkono usiotetemeka, na unyenyekevu wa waziri aliyetia dole kama mkulima.

Jumatatu iliyofuata Waziri alichukua namba.

"Basi niandike nyingine," alisema.

"Nakala haipokelewi kama asili ipo," alijibu Kuang. "Na asili haiguswi, mzee. Hata na wewe."

Majira ya kufagia makaburi yalipofika tena, jiwe la mlimani lilioshwa na majina arobaini na moja yakapakwa rangi ya dhahabu. Mkwaruzo nao ulioshwa.

Mwaka huo Huaizhen hakupanda mlima. Alikwenda makumbusho, na Waziri akamfuata. Ukipiga goti kwenye pembe ya kabati na kulaza shingo, ndani ya kunjo unaweza kusoma jina la Tan Shouyi. Alilisoma, akamimina pombe sakafuni. Waziri alipiga goti kando yake.

Mlinzi akaja na dekio, akafuta, akawaomba wote wawili wasiegemee kioo.