Boksi Lisilotaka Kufungwa

Mpiga picha alikuwa ameiunda kompyuta ile kwa mikono yake mwenyewe, kipande baada ya kipande, juu ya meza ile ile anayopigia nguo pasi. Ilipowaka mara ya kwanza alipiga kigelegele peke yake chumbani. Furaha haikufika mbali. Kila alipoanza kusafisha picha za harusi, mshale wa kipanya ulisimama katikati ya uso wa bibi harusi na kugoma kuondoka. Azime, awashe; ifanye kazi kidogo, igande tena.

Asubuhi hiyo wifi yake alikuja kumtembelea. Alikuwa muuguzi, na watoto wa wodini walikuwa wamembandika jina la Sindano, likamkaa kuliko sare yake.

"Wifi, mbona umenuna? Kaka yangu amekukosea nini?"

"Kaka yako leo hana kosa. Ni hili dude. Linaganda."

Sindano akavuta kigoda, akaketi. "Linaanza wakati gani? Likiwa linafanya nini?"

"Wifi, hii si homa."

"Wewe jibu tu, mama."

Mpiga picha akacheka, akaeleza. Kuganda kwenyewe hakukumsumbua sana. Ajabu ni kwamba kila alipofungua ubavu wa boksi ili atafute ugonjwa, kompyuta ilichapa kazi vizuri kabisa. Akirudisha mfuniko wa bati, inaganda.

"Basi inakosa hewa," Sindano alisema.

"Hata mimi nilidhani hivyo. Nimeipepea kwa feni ya chumbani kama mgonjwa. Wapi!"

Wakajaribu upya, Sindano ajionee mwenyewe. Boksi likiwa wazi, picha zilipita moja baada ya nyingine. Wakafunga, wakasubiri. Mshale ukasimama. Macho ya Sindano yakang'aa. Akafungua mkoba, akatoa kipimo chake cha kusikilizia mapigo ya moyo, akakitia masikioni na kukiweka ubavuni mwa boksi.

"Usinichekeshe, wifi!"

"Shh! Izime, uwashe upya. Haya, fungua… funga." Akakunja uso. "Likiwa wazi nasikia mivumo miwili, mnene na mwembamba. Ukifunga, ule mwembamba unakata."

Mpiga picha akaacha kucheka. Mvumo mwembamba ulikuwa wa feni ndogo inayopoza prosesa, ubongo wa mashine. Feni hiyo ikisimama, prosesa hupata joto mpaka ikashindwa kazi. Lakini kwa nini isimame ikifungiwa, izunguke ikitazamwa? Na wangeonaje ndani ya boksi lililofungwa?

Akaangaza huku na huku. Kisha akapanda kiti, akaishusha ukutani picha kubwa ya ndoa yake, akaanza kuchomoa kioo cha fremu.

"Makubwa! Kompyuta igande, kaka yangu ndiye ashushwe ukutani?"

"Atarudi. Shika hapa."

Wakakibana kioo mahali pa mfuniko, wakainama, vichwa vikigusana. Hapo ndipo walipoona. Waya mmoja uliojikunja kama kitanzi ulikuwa umetokeza nje kidogo. Kioo kilipoukandamiza, uliingia ndani na kugusa mapanga ya feni. Feni ikatetemeka, ikasimama. Walipokiondoa kioo, waya ukarudi nje, na feni ikazunguka kana kwamba haijui lolote.

"Kumbe ni wewe!" Mpiga picha aliuambia waya. "Na mimi ndiye niliyekuweka hapo!"

Akazima mashine, akachomoa umeme, akaupitisha ule waya pembeni na kuufunga kwa kibanio cha plastiki. Akarudisha mfuniko, akaiwasha na kumrudia bibi harusi wake. Chai ikachemshwa, ikanywewa, na mshale ukaendelea kutembea.

Sindano bado alikuwa analikodolea macho boksi, kikombe mkononi.

"Wifi, hivi ukiulegeza tena ule waya, kidogo tu…"

"Ili iweje?"

"Nione feni inavyosimama. Mara moja tu, halafu tunafunga."

Mpiga picha alimtazama, akaitazama na kazi iliyobaki. Akahifadhi picha zote kwanza. Kisha akachukua bisibisi.