Mawe ya Mama Kwenye Buti Langu

Kaka yangu Reijo ana mdomo, na mdomo wake haujui likizo. Siku niliyoingia uani kwa Mama na gari langu jipya (jipya kwangu, maana lilikuwa na miaka kumi na saba), alitoka na kikombe cha kahawa mkononi akalizunguka mara mbili. Jekundu, viti viwili, paa la kufungua, na nguvu zote za injini zinakwenda kwenye magurudumu ya nyuma.

"Kiberiti hiki umekinunua cha nini?" akauliza.

"Cha kuendesha."

"Mpaka lini, bibie? Theluji inakuja mwezi ujao. Gari la kusukumwa kwa nyuma, kwenye barafu yetu hii, matako yatatangulia kichwa!"

Nimepika shuleni miaka thelathini na mmoja. Miaka yote hiyo nimeendesha magari ya busara, ya kubebea viazi na maboksi ya maziwa, na kila moja lilikuwa na rangi ya tope. Nilipostaafu nikasema basi, sasa ni zamu yangu. Nalipenda gari lile na sioni haya kusema.

Sasa huyu Reijo ana trekta, na ana mnyororo. Majira ya baridi nusu ya kijiji chetu huteleza mitaroni, na yeye ndiye anayetuvuta. Havuti bure. Malipo yake ni kusimulia. Mwaka jana alimvuta mchungaji mara mbili, na mpaka Pasaka alikuwa akimtazama kanisani kwa huruma. Mnyororo wenyewe anaupaka mafuta na kuutundika karibu na mlango, mgeni auone kabla hajavua viatu.

Tukakaa mezani kwa Mama, na mimi na mdomo wangu vilevile tukaingia mtegoni.

"Mnyororo wangu ukikuvuta mara moja tu kabla ya Epifania, tarehe sita Januari," Reijo akasema, "hilo dude unaliuza, unachukua lile gari langu la kahawia."

"Na usiponivuta?"

"Mei Mosi nitaliosha kwa mikono yangu."

"Mbele ya kijiji kizima? Na ile kofia yako nyeupe ya kuhitimu shule, unayoitunzia sikukuu, kichwani?"

"Na kofia!"

Tukapeana mikono. Mama yetu, Lempi, ana miaka themanini na nne, na muda wote huo alikuwa akichovya kipande cha mkate mtamu kwenye kahawa kana kwamba hayupo. "Mmemaliza?" akauliza. "Basi kuleni."

Nilianza kazi siku ileile. Matairi ya misumari manne, manne yote, maana wajinga huweka mawili ya nyuma kisha wakashangaa usukani haugeuki. Betri mpya. Maji ya rejeta yasiyoganda. Raba za milango nikazipaka mafuta zisigande nikabaki nimefungiwa nje nimevaa kanzu ya kulalia. Tangi nalijaza kila mara, kwa sababu petroli nayo ina uzito, na gari la aina hii linataka uzito nyuma. Kila Jumapili, wenzangu wakiwa kanisani, mimi nilikuwa kwenye uwanja mtupu wa kuegeshea magari ya dukani, nalizungusha kwa makusudi mpaka nijue tabia zake. Mkia ukienda kulia, unageuza usukani kulia, na miguu unaituliza. Ukikanyaga breki kwa hofu, umekwisha. Jumapili ya tatu nilianza kucheka peke yangu mle ndani kama mwehu.

Kilichobaki kilikuwa mzigo wa buti. Mchanga dukani ulikuwa umekwisha. Siku nne kabla ya mkesha wa Krismasi nikaenda kumpelekea Mama samaki, nikapita nyuma ya sauna, kibanda chake cha kuogea kwa mvuke, na pale ukutani nikaona ndoo nne za mawe ya jiko. Ala! Nikaona bahati imenijia yenyewe. Mawe ya sauna yakipigwa moto na maji mwaka mzima hupasuka, watu huyatoa wakaweka mapya, na ya zamani hutupwa popote. Kilo themanini hivi. Nikayafunga kwenye zulia kuukuu, nikayakaza kwa kamba ndani ya buti, nikaupanda mlima wa Mama bila hata kuteleza.

Huo mlima ndio wa kuogopwa. Nyumba ya Mama iko chini kabisa, ziwani, na njia ya kutoka kwenda barabarani imesimama wima. Siku ile ilikuwa na theluji kavu inayoshika. Usiku wa pili yake ikanyesha mvua juu ya theluji, kisha ikaganda. Njia nzima ikawa kioo.

Hapo, nasema kweli, nilifyata mkia. Kushuka ningeshuka, kupanda ndiko kulinitia kiwewe. Kuegesha juu nishuke kwa miguu? Thubutu, Reijo angenicheka mpaka nizeeke. Nikampigia Mama simu, nikakohoa mara mbili, nikasema mafua yamenikamata, Krismasi hii nitabaki kwangu.

"Pole, mwanangu," Mama akasema. "Unywe vitu vya moto."

Asubuhi ya mkesha, saa tatu, simu ikalia.

"Tuovi! Nimeibiwa!"

"Umeibiwa nini, Mama?"

"Mawe! Mawe ya sauna! Nilikuwa nimeyatoa niyaoshe, niyachague, niyarudishe kwa ajili ya leo. Nimekwenda kuyachukua, hakuna! Mtu gani anaiba mawe ya sauna wiki ya Krismasi? Ana moyo kweli huyo?"

Mtu anaweza kukosa nyama mkesha wa Krismasi, anaweza kukosa zawadi, lakini kukosa sauna? Mama hajawahi kuikosa tangu azaliwe. Na alizaliwa humohumo ndani ya sauna.

"Nakuja, Mama," nikasema.

"Na mafua?"

"Yamepungua."

Nilishuka ule mlima kwa gia ya kwanza, roho mkononi. Chini uani, nani ananisubiri? Reijo. Hakuja na gari lake, amekuja na trekta, na mnyororo umemning'inia shingoni hadi magotini.

"Karibu sana, mdogo wangu! Mama kaniambia unakuja, nikasema nisikuache peke yako." Akalizunguka gari. "Hebu fungua buti tuone umebeba nini."

Nilifungua. Yeye akatoa macho, Mama akasogea, akainama, akayatazama mawe yake moja moja.

"Kumbe mwizi ana matairi ya misumari," akasema.

Reijo alicheka mpaka akashika trekta asianguke. Mimi nilitaka ardhi inimeze, ila ilikuwa imeganda. Tukayabeba mawe, tukayapanga kwenye jiko la sauna, makubwa chini, madogo juu, na Reijo kwa kila ndoo alikuwa na neno. Tulipomaliza akalipiga buti langu tupu kwa kiganja.

"Sasa panda tukuone."

Nikajaribu. Gari likafika kama hatua kumi, magurudumu yakalia, mkia ukatambaa kando, likarudi chini taratibu mpaka uani. Nikajaribu tena, likaniaibisha tena. Mara ya tatu nikazima injini, nikaegemea usukani. Niliumia, jamani. Niliona lile gari la kahawia, na kiti chake chenye harufu ya mbwa, na mimi ndani yake mpaka kufa.

"Sina haraka," Reijo akasema, akiutikisa mnyororo. "Tule kwanza."

Tukala uji wa mchele. Saa sita redio ikatoa kengele za mji wa Turku, ikatangazwa amani ya Krismasi, kazi zote zisimame, na Mama akasimama wima kama kila mwaka. Lozi moja ya bahati inayofichwa kwenye uji aliipata Reijo, bila shaka. Akainyonya akiniangalia. Kisha akafuta mdomo, akainuka.

"Haya, nikawashe trekta."

"Trekta gani?" Mama akauliza.

"La kumvuta Tuovi."

"Amani imeshatangazwa. Baba yenu hakuwahi kuwasha chombo cha kazi uani hapa baada ya kengele, wala wewe huwashi."

"Mama, tutafikaje makaburini kumwashia Baba mshumaa? Giza linaingia saa nane!"

"Gari lako liko wapi?"

Gari la Reijo lilikuwa kwake nyumbani. Aliliacha ili aje kunivuta.

"Basi tutakwenda na la Tuovi," Mama akasema, akianza kufunga vifungo vya koti.

"Hilo? Halipandi! Ni tupu, halina uzito nyuma!"

Mama akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye soksi, polepole.

"Una kilo ngapi siku hizi, Reijo?"

"Mama!"

"Mia moja na kumi na nne," nikamjibia.

"Ng'o! Siingii kwenye buti mimi! Mtu mzima na heshima zangu!"

Mama hakubishana naye. Alichukua mshumaa wa kaburini, akauweka mapajani, akakaa kwenye benchi la mlangoni na koti lake limefungwa hadi shingoni. "Basi mwaka huu baba yenu atakaa gizani," akasema.

Reijo akatazama dirishani, akatazama sakafu, akavaa kofia.

"Na mnyororo wako ubebe," Mama akaongeza. "Nao una kilo zake."

Tukamkunja kwenye buti, mgongo ndani, miguu nje, mnyororo mapajani, mfuniko umesimama nyuma ya kichwa chake. Mama akakaa kando yangu na mshumaa wake, amejifunga mkanda, anatazama mbele kama anayekwenda kuolewa.

Gia ya pili, mguu mwepesi. Misumari ikauma barafu. Hatua kumi, ishirini, thelathini. Nyuma kule Reijo alikuwa anaguna tu. Karibu na kilele magurudumu yakaanza kuteleza, mkia ukaenda kushoto, nami nikageuza kushoto, na hapo kaka yangu akagundua kwamba tukirudi nyuma, wa kwanza kufika ziwani ni yeye.

"Panda!" akapiga kelele, akirukaruka kwenye buti mpaka gari lote likatikisika. "Panda, wee! Usiache mafuta! Kanyaga taratibu, Tuovi, dada yangu mpenzi, panda!"

Tukapanda. Tulipofika barabarani alishuka, mnyororo begani, kisha akakumbuka alikuwa upande wa nani. Alinitazama kwa chuki ya kweli. Akarudi chini kwa miguu kuwasha jiko la sauna, na alianguka mara mbili. Mimi na Mama tulimhesabia.

Makaburini tulimwashia Baba mshumaa wake. Mama akalipangusa jiwe kwa glavu, akamwambia, "Onni, nimekuja na jekundu."

Jioni wanawake ndio wanaotangulia sauna kwetu. Tulikaa juu kabisa, mimi na Mama, akamwagia mawe maji, mvuke ukatufunika. Nikaona ni wakati wa kuomba msamaha.

"Mama, nisamehe. Nilidhani yametupwa."

"Yalikuwa yametupwa."

"Unasema?"

"Tazama chini ya benchi hilo."

Nikainama. Maboksi mawili ya mawe mapya, hata utepe wa dukani haujakatwa.

"Nimeyanunua tangu mwezi wa kumi," Mama akasema. "Yale ya zamani nilikutolea wewe. Nilisikia unatafuta mzigo, nikayaweka pale unapopita. Nilikuwa dirishani ukiyafunga kwa kamba. Fundo lako baya."

"Sasa kwa nini ukanipigia simu unalia umeibiwa?"

"Kwa sababu ulikohoa. Kukohoa hujui, Tuovi, hujui tangu ukiwa darasa la kwanza." Akachota maji, lakini hakuyamwaga. "Ningekwambia njoo, ungekohoa tena. Nina miaka themanini na nne. Sina Krismasi za kuwapa mcheze nazo dau."

Nililia pale pale, na sikuusingizia mvuke. Mama akaniacha nilie, akayamwaga yale maji, mawe yakaguna.

"Kesho yakipoa uyarudishe kwenye buti," akasema. "Kisha uje Jumapili. Na Jumapili nyingine."

Nje mlangoni Reijo alikuwa anagonga, anauliza tutamaliza saa ngapi, mgongo unamuuma. Mama akamwambia asubiri.