Ng'ombe wa Kondo

Mume wangu Kondo hakuwahi kumiliki hata kuku, lakini simu yake ilipokea ujumbe mara tano sita kwa siku: "Ndugu Kondo, ng'ombe wako wamepokelewa." Kosa ni langu. Miaka mitatu iliyopita, nilipoandika programu ya kuwaarifu wafanyabiashara kwamba mifugo yao imefika machinjioni, nilihitaji namba ya kujaribia, nikaweka ya kwake. Kila mtu ofisini kwetu Kinondoni alipoongeza kitu kwenye programu, majaribio yalijiendesha yenyewe na ujumbe ukaenda kwa Kondo. Naye hakuchoka kunipigia: "Rukaiya, ng'ombe wangu wamefika. Leo tunakula nini?"

Presha ilimchukua ghafla. Nikakaa eda nyumbani kwetu Boko, na mama yake, Bi Mwamvita, akaja kutoka Kimbiji kukaa nami. Ofisi iliniruhusu nifanyie kazi nyumbani. Watu walisifu subira yangu. Subira gani? Ilikuwa ganzi. Nilikula kwa sababu sahani ililetwa, nikafungua kompyuta kwa sababu kumekucha.

Simu ya Kondo haikuzimwa. Bi Mwamvita ndiye aliyeichaji, akiilaza kwenye mto kando yake. Juzuu anasoma bila kukosea, lakini herufi hizi za shuleni hazijui. Ujumbe wa kwanza ulipoingia baada ya maziko, aliniletea simu kwa mikono miwili.

"Wanasemaje, mwanangu?"

Niliwatazama wale ng'ombe kwenye kioo cha simu. "Wanatoa pole, mama. Wanasema Kondo alikuwa mtu wa watu."

Uongo ukishaanza hauna breki. Simu ikilia nabuni mtu: huyu alisoma naye, yule alisaidiwa naye kupaua nyumba. Bi Mwamvita huitikia, "Alhamdulillahi, hawajamsahau," kisha anamaliza wali wake. Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa na simu hailii, wali unabaki sahanini.

Ndipo Theonest, kiongozi wa timu yetu, alipopiga.

"Sista Rukaiya, pole na majukumu. Ile ishu ya meseji umefikia wapi? Ijumaa tunazima mfumo wa zamani, sie wote tunahamia Django."

Django ni fremuweki, yaani mifupa ya programu unayoikuta tayari, kazi yako kuivika nyama. Kwenye ile ya zamani niliyaunga majaribio vibaya, yakawa yanatuma meseji za kweli. Kwenye mpya, ujumbe wa majaribio unaishia humo humo ndani, hautoki hata mmoja. Ndivyo inavyotakiwa, na kuihamisha sehemu hiyo nilipewa mimi.

"Braza, nikiacha ile namba moja iendelee kupokea?"

"Ya nini sasa? Si uchafu tu ule."

Hakujua ni ya nani, nami sikumwambia. Nilimaliza Alhamisi. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kuandika, na sikusikia furaha wala uchungu.

Ijumaa simu ilikaa kimya. Jumatatu pia. Jumanne mchana Bi Mwamvita aliifuta kwa upindo wa khanga, akaipuliza, akanionyesha niangalie chaji. Ilikuwa imejaa. Wali ukapoa mbele yake.

"Wamechoka," alisema. "Ndivyo walimwengu walivyo. Mwanangu keshasahaulika."

Niliingia chumbani, nikachukua simu yangu. Miaka mitatu nilimtumia Kondo maelfu ya ng'ombe, lakini tangu azikwe sikuwa nimemwandikia neno langu mwenyewe. Niliandika lililokuja la kwanza, nikatuma. Sebuleni simu ikalia.

Bi Mwamvita alikuja nayo mbio.

"Wanasemaje?"

Ningeweza kubuni mtu mwingine. Nikasoma kilichoandikwa: "Kondo, leo tunakula nini?"



"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

Aliitazama simu, akanitazama mimi. Nilianza kulia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, kilio kibaya chenye kamasi. Hakuninyamazisha. Aliiweka simu kitandani, akanishika mkono akaninyanyua.

"Wali upo," alisema. "Njoo tule."