Kipande Kilichobaki

Nyumbani walimwita Kwanini, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alipewa kwa kuchokwa. Tangu ulimi wake ulipoweza kutamka, kazi yake ilikuwa kuuliza, na ukimjibu, anauliza juu ya jibu lako. Kwa nini maji hupiga kelele kabla ya kuchemka? Kwa nini kufuli hukubali ufunguo huu na kukataa ule, na funguo zote zina meno? Bibi yake ndiye pekee asiyewahi kuchoka naye, kwa sababu masikio yake yalikuwa yamezeeka mapema na nusu ya maswali hayakumfikia.

Sasa binti alikuwa kidato cha tatu, na shule yao ilikuwa imeanzisha jambo. Kila mwanafunzi achague fani moja ya ufundi, aisome sambamba na hesabu na historia. Kulikuwa na ushonaji, useremala, umeme, bomba, mapishi na mitambo. Fani nyingine zilimpokea yeyote aliyekuja na fomu yenye sahihi ya mzazi. Mitambo ilikuwa imebakiwa na nafasi moja tu, na mwalimu wake hakuwa mtu wa kugawa nafasi kama peremende.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Nati, kwa sababu hakuonekana bila nati moja kubwa kidoleni, akiizungusha hata anapopiga chafya. Sharti lake lilikuwa hili: uje na kifaa cha kwenu ulichokifungua na kukifunga mwenyewe, uje na mwenye kifaa hicho ashuhudie, kisha ukifungue tena mbele yake na kueleza kila kipande.

"Jina la kipande lipo kwenye chati ukutani, hata kasuku atalitaja," alisema. "Mimi nataka kazi yake. Na kabla hujashika bisibisi, tandika kitambaa cheupe. Kinachotoka kwanza kinakaa kushoto, kinachofuata kinakifuata. Ukianza kufungua bila kitambaa, wewe si fundi, ni mwizi."

Kwanini aliitaka nafasi ile mpaka akawa anaiota. Tatizo lilikuwa mama yake.

Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa cha vitambaa, na katikati yake ilisimama cherehani ya miguu, kongwe, rangi imebanduka pale kiganja chake kilipozoea kuegemea. Kwake jambo lilikuwa limekwisha kabla halijaanza. "Utachukua ushonaji. Cherehani ipo, wateja wapo, na mimi nipo. Ukichukua mitambo, mtambo wa kujifunzia nyumbani utautoa wapi?"

"Cherehani nayo ni mtambo, mama."

"Cherehani ni cherehani," alisema mama, na fomu ikarudi mezani bila sahihi.

Jumatatu dada yake mama alijifungua, na mama akaenda kumuuguza kwa siku tatu. Mlangoni aliacha maagizo: bibi apewe dawa, mlango ufungwe, cherehani isiguswe. Hakusema isifunguliwe, Kwanini alijiambia. Huo ni uongo wa mchana kweupe, maana asiyegusa atafunguaje? Lakini mtu mwenye hamu haishiwi na mawakili.

Kulikuwa na swali moja alilokuwa nalo tangu utotoni, enzi za kukaa sakafuni akitazama miguu ya mama. Mguu unapanda na kushuka. Gurudumu linazunguka. Sasa ni nani, hapo katikati, anayegeuza kupanda na kushuka kuwa kuzunguka? Jumatatu hiyohiyo, baada ya shule, aliilaza cherehani ubavu ili alione jibu kwa macho yake. Hamu ilikuwa imempanda kichwani hata akasahau kitambaa. Kitu kidogo kilidondoka, kikabingirika, kikaingia chini ya kiti cha bibi.

"Mke mwenza," alisema bibi, ambaye hakumwita kwa jina lingine, "umeiua?"

"Bado, bibi!" alijibu kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili.

Akatandika kitambaa, akiwa amechelewa, akafungua kila kilichofungika. Na jibu akalipata. Ile fimbo ndefu inayotoka kwenye kanyagio haikushika gurudumu katikati. Imelishika pembeni kidogo, kwa hiyo ikipanda inalisukuma, ikishuka inalivuta, na gurudumu halina njia ila kuzunguka. Ndiyo hiyo tu! Alicheka peke yake kama mwehu. Furaha aliyoipata hakuwahi kuipata kwa mtihani wowote, hata ule aliokuwa wa kwanza.

Akapaka mafuta, akarudisha vyote, akajaribu. Uzi ulikwenda sawia, bila kuruka hata pale pagumu. Ila kila mguu uliposhuka, chini kulisikika ko. Ko, ko, ko. Na kitambaani hakuna kilichosalia. Ndipo akakumbuka kile kilichobingirika, akapiga magoti, akakitoa chini ya kiti: kipande cha ngozi, duara, ukubwa wa kifungo cha koti, cheusi kwa mafuta na chenye tundu katikati.

Kesho yake alikilinganisha na chati ya karakana mstari kwa mstari. Hakikuwamo. Alitafuta kwenye kopo la vifungo la mama, labda kiko kingine cha kufanana nacho. Hakikuwapo. Mle alikutana tu na kile kiatu kimoja cha mtoto mchanga alichokijua siku nyingi, kidogo kama kidole gumba. Utotoni aliwahi kuuliza kwa nini kiko kimoja, na mama alimjibu kila mara kwa maneno yaleyale: "Kingine kiko kazini." Jibu la kumfukuza mtoto, basi. Akafunika kopo.

Jumatano akakipeleka kwa fundi viatu, aliyekuwa na kibanda chake kwenye kona ya kwenda shuleni. Mzee yule alikifuta kwa kidole, akakikunja, akakinusa kabisa.

"Hii haikutoka kiwandani, binti yangu. Imekatwa kwa mkasi, tena mkasi wa nguo, ona kingo zilivyo. Halafu ona hii alama ya mviringo. Ilikuwa imebanwa kati ya vyuma viwili."

"Ni ngozi ya nini?"

"Laini mno hii. Soli ya kiatu cha mtoto. Kile cha kubebwa nacho, hakijawahi kukanyaga chini." Akamrudishia. "Nani mwenye akili ya kukata kiatu kizima?"

Kwanini hakungoja kufikiri kuhusu viatu. Alikuwa ameshika neno moja tu, vyuma viwili, na alikimbia nalo mpaka nyumbani. Chuma kilipigana na chuma mahali pamoja tu: pale fimbo inaposhikana na kanyagio, tundu la fimbo limelika, limekuwa pana. Akakipachika kile kipande, akakaza skrubu, akakanyaga. Kimya! Ile ko ilikuwa imekwisha, ikabaki sauti ndogo ya sindano.

"Bibi, mlio umekwisha!"

"Mlio? Mimi siku hizi nasikia radi tu," alisema bibi. "Zamani ndiyo nilisikia. Humu ndani mlikuwa mnapokezana, cherehani na wewe. Akinyamaza huyu, anaanza huyu."

Alhamisi mama alirudi na harufu ya poda ya mtoto. Alikunywa maji, akaketi kwenye kiti chake, akainamisha kichwa mara moja tu.

"Nani amefungua cherehani yangu?"

Kwanini aliitazama tena cherehani. Kila kitu kilikuwa mahali pake, hata vumbi alikuwa amelirudisha. "Umejuaje, mama?"

"Hii skrubu ya kanyagio. Mimi huiacha mfuo wake, ule wa kuingizia bisibisi, umelala. Leo umesimama."

Binti alimtazama mama yake kama mgeni aliyeingia bila hodi. Mtu asiyejua mitambo anajua skrubu yake inalalaje? Hasira za mama hata hivyo zilikuwa za kweli, na Kwanini alizipokea zote akiwa ameinamisha macho. Zilipopungua akasema alichokuwa amekipanga siku tatu. Kesho ni Ijumaa, siku ya mwisho. Mama aje naye karakana, na cherehani. "Nikishindwa kueleza kipande hata kimoja, nachukua ushonaji, na hutanisikia tena nikisema mitambo."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Mama aliangalia chini, kwenye kanyagio, na kona ya mdomo wake ikacheza. "Sawa. Na kile cha ngozi unajua ni cha nini?"

"Kinazuia mlio."

"Wewe si fundi? Endelea kutafuta," alisema mama, akavuta kitambaa akaanza kushona. Aliulizwa mara sita jioni ile. Hakujibu hata mara moja, na kwa Kwanini hiyo ilikuwa adhabu kuliko fimbo.

Asubuhi waliisukuma cherehani kwa mkokoteni wa kukodi, mama akiishika kama mgonjwa, akimfokea msukumaji kila penye shimo. Karakana ilikuwa na harufu ya chuma kilichokatwa. Kando ya ukuta vijana wanne walioitaka nafasi ile walikuwa wamemaliza zamu zao na kushindwa, mmoja na pasi, mmoja na feni, mmoja na baiskeli, na wa nne na saa ya ukutani ambayo sasa ilikuwa inakwenda kinyumenyume. Walibaki kutazama. Anayeanguka hufarijika kwa kuona mwenzake anavyoanguka.

Kwanini alitandika kitambaa kwanza. Alifungua, akapanga kuanzia kushoto, akasema. Huu mkanda hupeleka mzunguko juu. Hii hubana uzi usilegee. Hii fimbo hulishika gurudumu pembeni, na hapo ndipo kupanda na kushuka kunapokuwa kuzunguka. Sauti yake ilikuwa inatetemeka mwanzoni, lakini alipofika kwenye fimbo alikuwa amesahau kuogopa. Mwalimu Nati alizungusha nati yake polepole na kuitikia kwa kichwa. Kikabaki kimoja, kitambaani, kulia kabisa.

"Hiki hakimo kwenye chati yangu," alisema mwalimu.

"Kinakaa hapa, kati ya fimbo na kanyagio. Kinazuia mlio."

"Kitoe. Cherehani itashona?"

"Itashona."

"Vilevile?"

"Vilevile."

"Basi mlio unamdhuru nani?" Nati ikasimama kidoleni. "Nimesema nataka kazi. Kitu ambacho kikiondoka hakuna kinachoharibika, kina kazi gani?"

Kijana wa saa akatabasamu. Kwanini alikiokota kile kipande, akakigeuza, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakujiuliza kinakaa wapi. Alijiuliza kimetoka wapi. Mkasi wa nguo. Kiatu ambacho hakijakanyaga chini. Kingine kiko kazini. Akinyamaza huyu, anaanza huyu. Chumba kimoja, mashine inagonga, na kando yake kitanda kidogo. Aligeuka kumtazama mama yake, na mama alikuwa tayari anamtazama.

"Kazi yake," alisema, "ni kunilaza mimi."

Mwalimu Nati alimgeukia mama. "Ni kweli, mama?"

"Alikuwa hapati usingizi, huyu," alisema mama, na sauti yake haikuwa ile ya kufokea mikokoteni. "Sindano ikianguka, macho wazi. Na mimi nina nguo za watu, nisiposhona hatuli. Kila nikikanyaga, ko, mtoto huyo analia. Nikailaza chini nikatafuta. Siku nne natafuta. Ngozi laini sikuwa nayo, isipokuwa viatu vyake."

"Kwa nini hukuita fundi?" aliuliza mwalimu.

"Nilimwita." Mama akajifuta jicho kwa upande wa kiganja, akacheka kidogo. "Aliniuliza swali lako hilohilo. Cherehani inashona, mlio unamdhuru nani?"

Mwalimu Nati aliitazama nati yake kwa muda, akaitia mfukoni. Wanafunzi walisema baadaye kwamba hawakuwahi kumwona bila hiyo nati. Akaisogeza fomu na kalamu mezani, mbele ya mama.

Mama hakuishika kalamu mara moja. "Nilifikiri nakuepusha na taabu," alimwambia binti yake. "Ile haikuwa kazi, mwanangu. Ilikuwa shida tu, niliifanya nikiwa nimejificha. Sikujua ina darasa."

Kisha akatia sahihi, kubwa, mpaka ikatoka nje ya mstari.

Kwanini alirudisha kila kipande, kulia kwenda kushoto, na skrubu ya mwisho akaiacha mfuo wake umelala. Alipoinua kichwa mama hakuwapo pale mezani. Alikuwa ameinama kwenye mashine kubwa ya kuchongea vyuma, mikono nyuma, pua karibu na chuma chenyewe.

"Mwalimu," aliita, "kule kwetu sindano ndiyo inayokwenda na kitambaa kinangoja. Hapa naona chuma kinachochongwa ndicho kinachozunguka, na kisu kimetulia. Kwa nini?"

Mwalimu Nati alimtazama binti, akamtazama mama, akakuna kichwa.

"Mama," alisema, "nafasi ilikuwa moja tu, na mwanao ameshaichukua."

Lakini aliiwasha mashine, na wote wawili wakasogea karibu.