Bwawa la Munyu

Tangu astaafu serikalini, Hesbon Wabwile alikuwa haambiliki. Kile kipande cha maharagwe cha mkewe Nasike, huko kijijini Kwanza, kilichokuwa kikiwalisha, akakigeuza bwawa la kufuga vijidudu vya maji ya chumvi, chakula cha vifaranga vya samaki. Nasike alilia, kisha akamwekea sharti.

"Baba Kizito, Dayawanti akija akose mdudu, shamba linarudi kwangu."

"Watajaa mpaka ushangae," Hesbon akamjibu.

Dayawanti, mfanyabiashara wa Bungoma mwenye kuzalisha samaki, ndiye aliyempa mayai ya hivyo vijidudu. Alimweleza polepole kama anayelisha mtoto: maji yawe makali kushinda ya bahari, adui wasiishi humo, chumvi iwe ya bahari, mvua isiingie ovyo. Hesbon akaitikia kila neno, halafu akafanya yake. Ati chumvi ya dukani ya nini, na Wabukusu wana munyu wao, ule wa majivu ya maganda ya maharagwe unaolainisha mboga? Basi majirani wote wakachoma maganda, moshi ukatanda mpaka watu wakakohoa kanisani. Majivu yakachujwa, maji yake meusi yakamiminwa bwawani pipa kwa pipa, kisha mayai yakatiwa humo. Mzee alisimama pembeni na tai yake shingoni, akionja kwa kidole na kusema bahari yenyewe ingeona haya.

Dayawanti akaja. Akachovya mkono, akasugua vidole, vikateleza. Akachota maji kwa glasi, akayainua juani. Hakuna kilichocheza.

"Mzee, hii si chumvi. Umepika sabuni. Mayai yote imekufa."

"Yamelala tu, Madam," Hesbon akasema, mkavu wa macho.

Nasike akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya bana, fukia nipande!"

Lakini Dayawanti alikuwa akitazama chini. Maji yalikuwa yamevuja, na kuzunguka bwawa hata nyasi zilikuwa zimeungua. "Pole, mama. Hapa haioti kitu sasa."

Kicheko kikamkauka Nasike. Hesbon akakohoa, ati angalau magugu yameisha, na hayo nayo ni maendeleo.

Nasike alichukua jembe, akaenda mbele ya nyumba, kwenye ile nyasi mzee aliyoikata kila Jumamosi kama nywele za bwana harusi na kuweka kiti chake juu yake, akalizamisha katikati.

"Wee! Hapo ni pa wageni!"

"Sogeza kiti, Baba Kizito," akasema bila kuinua kichwa. "Nafika hapo."